Nyumba ya Nyasi ya Kasubi, na Mfalme Aliyeijenga

Wahenga wa pwani walituachia neno hili: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mwezi huu twataka kuwachukua mpaka nchi ya Uganda, juu ya kilima cha Kasubi, tufungue mlango wa nyumba moja ya nyasi, tutazame yaliyomo, na kumjua mtu aliyeijenga. Nyumba hiyo haikujengwa kwa mawe ya kuchongwa, wala haina madirisha ya kioo. Hata hivyo imewahifadhi wafalme wanne, imeteketea kwa moto ikasimama tena, na habari zake zaigusa lugha yetu ya Kiswahili na kazi ya waalimu wetu wa kwanza kuliko wengi wanavyodhani.

JINSI NYUMBA ILIVYO

Kasubi ni kimoja katika vilima vya mji wa Kampala, mwendo wa kilometa 5 hivi kutoka katikati ya mji. Kiwanja chake ni hektari 26 na zaidi, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni mashamba yanayolimwa kwa desturi za kale. Mgeni huingia kwa nyumba ya lango iitwayo Bujjabukula, hupita ua mdogo wenye nyumba ya ngoma za mfalme, kisha hutokea ua mkubwa wa mviringo. Ua huo umezungukwa na uzio wa matete na nyumba za wajane wa wafalme. Na mbele yake yasimama nyumba kubwa yenyewe, ambayo Waganda waiita Muzibu-Azaala-Mpanga.

Nayo ni nyumba ya msonge. Upana wake, toka ukingo hata ukingo, ni meta 31, na kimo chake kwa ndani ni meta 7 na nusu. Paa lake ni la nyasi nene sana, nalo lashuka mpaka karibu na ardhi, hata mtu akiitazama kwa mbali hudhani kwamba nyumba haina kuta, ni paa tupu lililowekwa juu ya kilima. Mlango wake ni mpana lakini si mrefu, na pande zake zimepambwa kwa matete yaliyosukwa vizuri. Ndani nguzo zimevikwa nguo za magome, na chini hutandikwa nyasi na mikeka. Ukiinua macho utaona pete kubwa zilizosukwa, zikizunguka paa kwa ndani toka chini hata kileleni. Hesabu ya pete hizo ni 52, na kila moja ni alama ya ukoo mmoja wa Waganda. Hivyo kila Mganda aingiaye aweza kusema, Hapa juu pana pete ya ukoo wetu.

Jambo la kuangalia sana ni kwamba kazi ya nyumba hii imegawanywa kwa koo. Si kila fundi awezaye kupanda juu ya paa lile. Kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, yaani mbega, nao huirithisha kwa watoto wao. Kazi ya kupamba zile pete ni ya ukoo wa Ngo, yaani chui. Baba humfundisha mwana jinsi ya kuchagua nyasi, jinsi ya kufunga matita, na jinsi ya kuyapanga yasipitishe mvua. Hakuna kitabu cha kazi hiyo. Kitabu chake ni mikono ya wazee.

Na zile nguo za magome nazo zataka maelezo kidogo, maana wengi katika wasomaji wetu hawajaziona. Hutoka katika mti uitwao mutuba, ambao ni wa jamaa moja na mkuyu. Fundi hulibambua gome la ndani, hulilainisha kwa moto na mvuke, kisha huligonga kwa nyundo za mti zenye mifuo, mpaka linatanuka na kuwa laini kama kitambaa, rangi yake nyekundu ya udongo. Ule mti hauachwi uchi. Shina lake hufungwa majani ya mgomba, likaota gome jipya, na mwaka mwingine likabambuliwa tena. Mwaka 2005 shirika la UNESCO, lililo la Umoja wa Mataifa, liliitangaza kazi hiyo kuwa moja katika kazi bora za urithi wa wanadamu. Basi nyumba nzima, toka nyasi za juu hata nguo za nguzoni, imetengenezwa kwa vitu viotavyo na kuoza, ambavyo sharti vipate kufanywa upya siku zote. Kumbukeni neno hilo, maana tutalirudia.

MWENYE NYUMBA

Aliyeijenga ni Kabaka Mutesa, wa kwanza kwa jina hilo, mwana wa Kabaka Suna. Kabaka ndilo jina la mfalme kwa Kiganda. Suna alipokufa mwaka 1856, alikuwa na wana wengi wakubwa, lakini waziri mkuu Kayira akamteua kijana huyu, ambaye wengi hawakumtazamia. Mwanzo aliitwa Mukabya, maana yake mwenye kuwaliza watu. Na kwa kweli katika miaka yake ya kwanza aliwaliza wengi. Halafu akaitwa Mutesa, jina litokalo katika neno la Kiganda la kufanya shauri. Majina hayo mawili yaeleza tabia yake yote: alikuwa mkali wa kutisha, na pia alikuwa mtu wa kuketi na kusikiliza maneno.

Mwingereza Speke alifika kwake mwezi wa Februari mwaka 1862, akiwa Mzungu wa kwanza kufika katika baraza la Buganda. Alimletea mfalme zawadi, na katika zawadi hizo zilikuwamo bunduki. Speke mwenyewe aliandika katika kitabu chake kwamba mfalme alimpa mtumishi wake kijana bunduki iliyojaa, akamwamuru atoke nje akampige mtu, ili ajue kama chombo kile chafanya kazi. Kijana akatoka, akarudi akicheka, kwa kuwa kilifanya kazi. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyekufa. Twaitaja habari hii ya uchungu kwa sababu hatutaki kumsifu mfalme kupita kweli. Nyumba nzuri haimfanyi mwenye nyumba kuwa mwema.

Lakini tena, katika wafalme wa bara wa siku zile, ni wachache waliokuwa na hamu ya elimu kama yeye. Wafanyi biashara wa pwani walikuwa wamekwisha kufika Buganda tangu mwaka 1844, katika siku za baba yake. Ahmed bin Ibrahim, mmoja wao, alimwambia Suna habari za Mungu aliyeumba watu wote. Mutesa alijifunza kwa wageni kama hao. Alijua Kiswahili, akajifunza kusoma na kuandika herufi za Kiarabu, na kwa muda wa miaka kama kumi alishika mfungo wa Ramadhani, akaamuru watu wake waufuate.

MWALIMU ALIYETOKA UNGUJA

Mwezi wa Aprili mwaka 1875 akafika Stanley, aliyekuwa akisafiri kuzunguka ziwa kubwa. Alizungumza na mfalme habari za dini ya Kikristo, akaandika barua ya kuwaita wamisionari, nayo ikachapwa katika gazeti la London mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Habari ya barua hiyo yajulikana sana, imo katika vitabu vingi. Lakini iko habari nyingine isiyosemwa sana, nayo yatuhusu sisi zaidi.

Katika msafara wa Stanley alikuwamo kijana Mwafrika, jina lake Dallington Maftaa. Alikuwa amekombolewa katika utumwa, akasoma katika shule ya misioni ya Unguja. Stanley aliandika kwamba yeye na Dallington walimtengenezea mfalme masimulizi ya Biblia kwa Kiswahili, yaliyofupishwa, na mwandishi wa mfalme akayanakili. Stanley alipotaka kuendelea na safari yake, Mutesa aliomba kijana yule aachwe. Basi Dallington akabaki, pasipo askofu wala padre, mbali na wote aliowajua, katika baraza la mfalme ambaye kwa neno moja aweza kumwondolea mtu uhai. Akawa msomaji wa mfalme na mwandishi wa barua zake.

Fikirini, ninyi waalimu mlioko katika vijiji vya mbali. Kabla ya misioni yo yote kujengwa Uganda, alikuwako mwalimu Mwafrika, na lugha aliyofundishia ilikuwa Kiswahili. Na wamisionari walipofika, nao walianza kwa sehemu za Injili za Kiswahili zilizotoka Unguja, mpaka Injili ilipofasiriwa katika Kiganda. Vijana wa barazani waliketi pamoja, mmoja akijua herufi tano akimfundisha asiyejua hata moja. Waganda wakawapa wote waliofuata dini mpya jina moja tu: Wasomaji.

MCHAGUA JEMBE SI MKULIMA

Wamisionari wa kwanza wa Kiingereza walifika tarehe 30 Juni mwaka 1877. Mackay, yule fundi wa vyuma, alifika mwaka 1878. Mwezi wa Februari mwaka 1879 wakafika Mapadre Weupe kutoka Ufaransa, na mkubwa wa maneno kwao barazani alikuwa Padre Lourdel. Sasa Mutesa alikuwa na Waislamu upande huu, Waprotestanti upande huu, Wakatoliki upande huu, na nyuma ya wote makuhani wa mizimu ya kale ya nchi. Akawaketisha wote barazani, akawaambia wajadiliane mbele yake.

Twaambiwa kwamba aliyasikiliza majadiliano hayo kwa akili nyingi, na maswali yake yalikuwa makali. Lakini kila mlango aliufungua nusu. Aliyeshika Ramadhani ndiye aliyeamuru Waislamu wengi wachomwe moto mwaka 1876, kwa kuwa walikataa nyama ya wachinjaji wake. Aliyewaita wamisionari ndiye aliyekubali mwishoni mwa mwaka 1879, pamoja na wakuu wake, kwamba dini zote za kigeni zikataliwe, akageukia mzimu wa ziwa, Mukasa, apate kuponywa ugonjwa wake. Mwaka ule ule wa 1879 wajumbe wake watatu walikuwa wameanza safari ya kwenda kwa Malkia Victoria, naye akawapokea mwaka 1880. Alitaka Ubatizo, lakini hakutaka kuwaacha wake zake wengi. Alitaka urafiki wa Wazungu, lakini aliogopa wasije wakaila nchi yake. Na hofu hiyo ya mwisho haikuwa ya upumbavu, kama miaka iliyofuata ilivyoonyesha.

Mchagua jembe si mkulima. Mutesa alishika kila jembe mkononi, akalipima uzito, akalirudisha. Lakini shamba halikungoja. Mwezi wa Machi mwaka 1880 Wakatoliki wa kwanza walibatizwa, na mwezi wa Machi mwaka 1882 watu watano wakabatizwa na misioni ya Kiingereza. Mfalme aliyewaruhusu wengine kusoma alibaki yeye mwenyewe kizingitini.

JUMBA LAGEUKA KUWA KABURI

Katika mwaka huo wa 1882 ndipo Mutesa alipoijenga nyumba ile kubwa juu ya Kasubi. Desturi ya wafalme wa Buganda ilikuwa kuhamahama toka kilima hata kilima. Alikuwa amekwisha kukaa Banda, na Nakawa, na Rubaga, na kwingine. Kasubi kilikuwa kilima chake cha mwisho. Alikuwa mtu wa umri wa makamo, lakini maradhi yalikuwa yamemdhoofisha miaka mingi.

Wakati wote mfalme awapo hai, moto huwaka langoni pa jumba lake usiku na mchana. Akifa, moto huo huzimwa. Na Waganda hawapendi kusema kwamba mfalme amekufa, husema kwamba moto wa Buganda umezimika. Moto wa Mutesa ulizimika mwezi wa Oktoba mwaka 1884.

Hapo likatokea jambo jipya. Kwa desturi ya kale, mfalme wa Buganda alizikwa mahali pamoja, na taya lake likaondolewa na kuhifadhiwa katika nyumba nyingine, ambako watu walikwenda kusikiliza mizimu. Mutesa hakufanyiwa hivyo. Alizikwa mwili wake mzima, tena alizikwa ndani ya jumba lake mwenyewe. Yule aliyeshindwa kuingia mlango wo wote katika maisha yake, hata hivyo alikuwa amesikia maneno mapya ya kutosha kuigeuza desturi ya maziko yake. Nyumba aliyoijenga ili aketi na kupokea wageni ikawa nyumba ya kaburi lake baada ya miaka miwili tu.

WANNE CHINI YA PAA MOJA

Wafalme watatu walimfuata katika nyumba ile ile, na habari za kila mmoja zingeweza kujaza gazeti letu zima. Tutazitaja kwa ufupi.

Wa pili ni mwanawe, Mwanga. Huyu ndiye ambaye katika utawala wake, tangu Januari 1885 hata Januari 1887, Wasomaji wengi waliuawa, hasa siku ile ya tarehe 3 Juni 1886 huko Namugongo. Kanisa Katoliki lawakumbuka 22, na Kanisa la Kianglikana 23. Wengi wao walikuwa vijana wa barazani, na baadhi yao walikuwa wamejifunza herufi katika siku za Mutesa. Mwanga aliondolewa ufalmeni na Waingereza, akapelekwa visiwa vya Seychelles, na huko akabatizwa, akaitwa Danieli. Alikufa mwaka 1903, na mwaka 1910 mifupa yake ikarudishwa, akalazwa karibu na baba yake.

Wa tatu ni Daudi Chwa, mwana wa Mwanga, aliyewekwa kuwa mfalme mwaka 1897 akiwa mtoto wa mwaka mmoja, akafa mwaka 1939. Wa nne ni Mutesa wa pili, mwana wa Daudi Chwa. Gavana wa Kiingereza alimhamisha nchini mwaka 1953, akarudi mwaka 1955. Akawa Rais wa Uganda mwaka 1963, akakimbia mwaka 1966 jumba lake liliposhambuliwa na jeshi, akafa London mwaka 1969. Mwili wake ulirudishwa nyumbani mwaka 1971.

Basi wanne hao wamelala nyuma ya pazia kubwa la nguo ya magome. Nyuma ya pazia hilo huitwa Msitu, na Waganda wa kale husema kwamba mfalme hakufa, ameingia msituni. Sisi Wakristo hatuendi kuuliza mashauri kwa wafu, wala hatuwatolei sadaka. Twajua ni nani aliyefufuka. Lakini si lazima mtu adharau kaburi ili aonyeshe imani yake. Katika nyumba ile wamelala pamoja aliyesikia asiamue, aliyeua kisha akabatizwa, na wawili waliobatizwa tangu utoto wao. Mkristo akisimama pale akatafakari habari zao, ana mengi ya kujifunza juu ya uvumilivu wa Mungu.

MOTO WA MWAKA 2010

Mwaka 2001 UNESCO iliyaandika makaburi ya Kasubi katika orodha ya urithi wa dunia. Kisha, usiku wa tarehe 16 Machi mwaka 2010, nyumba ile kubwa ikashika moto. Nyasi kavu zilizolundikwa kwa vizazi hazikumpa mtu nafasi ya kuzima. Hata kulipopambazuka, palikuwa na majivu, na nguzo zilizoungua, na watu maelfu wakilia. Makaburi yenyewe, yaliyo chini ya ardhi, hayakudhurika. Siku iliyofuata Rais wa nchi alipofika kutazama, watu wenye hasira walitaka kumzuia. Bunduki zikapigwa, na watu wakafa. Huzuni ikawa juu ya huzuni.

Wengi walisema, Nyumba ya Mutesa imekwisha. Hata ikijengwa nyingine, haitakuwa ile. Neno hili lataka kufikiriwa kwa makini, maana kwa kweli ndilo kiini cha habari yetu.

Je, ni nyumba gani iliyoungua? Nyasi zilizoungua mwaka 2010 hazikuwa nyasi za mwaka 1882. Hizo zilikuwa zimekwisha kuoza zamani, zikabadilishwa mara nyingi. Nguo za magome zilikuwa zimebadilishwa. Hata nguzo zilikuwa zimebadilishwa, maana katika miaka ya 1930 mafundi waliingiza nguzo za saruji na vyuma, wakazifunika ili zionekane kama za kale. Kama nyumba ya Mutesa ni nyasi na miti yake, basi ilikuwa imekwisha toweka kabla ya babu zetu kufa. Lakini kama nyumba ni ile kazi ambayo mbega alimfundisha mwanawe, na chui akamfundisha mwanawe, na pete 52 zikahesabiwa tena kila mara zisipungue hata moja, basi nyumba hiyo haikuwako juu ya kilima peke yake. Ilikuwako katika mikono ya watu, na moto haukuifikia.

Lakini hapo tena ndipo penye hatari iliyo kubwa kuliko moto. Nyumba ikiwa katika mikono ya watu, yaweza kufa kimya kimya bila cheche hata moja, siku ambayo mzee wa mwisho ajuaye kazi anazikwa na hakuna kijana aliyejifunza kwake. Ilipokuja kazi ya kujenga upya, ikaonekana kwamba fedha na saruji hazitoshi. Nchi ya Japani ilisaidia kwa njia ya UNESCO, na vyombo vya kuzimia moto vikawekwa. Lakini kazi ya paa ilibidi ingoje wajuzi wa kuezeka, na vijana wakaketishwa miguuni pa wazee wafundishwe. Ndiyo maana kazi ilichukua miaka mingi, na watu wa mbali wakanung'unika kwa kukawia kwake. Mwaka ule wa moto Kasubi iliwekwa katika orodha ya mahali penye hatari. Iliondolewa katika orodha hiyo mwezi wa Septemba mwaka 2023, baada ya miaka 13.

NENO KWA JAMAA NA WAALIMU

Mutesa alikusanya vitu vingi katika maisha yake. Bunduki za Speke zimekwisha kuwa kutu. Mashauri yake na wafalme wa mbali hayakuiokoa nchi yake isitawaliwe na wageni. Vitu viwili tu katika siku zake vimedumu kwa nguvu: kazi ya kuezeka, iliyopita toka baba hata mwana, na kazi ya kusoma, iliyopita toka kijana hata kijana katika ua wa jumba lake. Vyote viwili vilipita kwa njia moja, mtu mmoja akiketi karibu na mwingine na kumwonyesha kwa uvumilivu. Dallington hakuacha jengo lo lote. Aliacha watu waliokwisha kuonja kusoma.

Basi, ninyi baba na mama, tazameni nyumba zenu. Bati na saruji ni vitu vyema, nasi hatuwakatazi kujenga kwa bati. Lakini jiulizeni jioni ya leo, mkiwa mmeketi pamoja: ni kazi gani ya mikono aliyoijua babu, ambayo hakuna mtoto katika nyumba hii aijuaye? Ni sala gani aliyoisema bibi, ambayo itazikwa pamoja naye? Ni habari gani ya ukoo wenu ambayo mtu mmoja tu aijua, naye ni mzee? Msingoje moto uwakumbushe.

Nanyi waalimu wenzetu, ambao shule zenu ni banda la nyasi linalovuja, na wanafunzi wenu labda hawazidi kumi, msiione kazi yenu kuwa ndogo. Paa la Kasubi, pamoja na ukubwa wake wote, huezekwa kwa tita moja baada ya jingine, na kila tita hulala juu ya lile lililotangulia. Mwonyesheni mtoto herufi moja leo. Kesho mwonyesheni nyingine, naye mwambieni amwonyeshe ndugu yake.